Uzi: Mkungumanga hauzai ndani ya mradi wa miaka mitano. Benki za maendeleo na visiwa vidogo vya Karibi

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke kando ausome jioni.

Bibi yangu alikuwa na shamba Unguja, na upande wa chini kulikuwa na mikungumanga saba. Mtu akipanda mbegu ya kungumanga hajui amepanda nini. Mti huu una dume na jike, na hauonyeshi upande wake mpaka utoe maua, baada ya miaka sita, saba, wakati mwingine minane. Dume halizai. Bibi alisubiri miaka yote hiyo, kisha akaacha dume moja na kuyakata mengine. Unaweza kubebesha kijiti cha mti jike, lakini kwa mkungumanga kazi hiyo ni ngumu na vijiti vingi hufa. Mpaka mti uzae kwa wingi wake, hesabu miaka 15 hadi 20.

Nimeanza huko kwa sababu ya Grenada. Ni nchi ya watu laki moja na ushei katika Bahari ya Karibi, yenye tunda la kungumanga kwenye bendera yake. Kabla ya 2004 ilikuwa ya pili duniani kwa zao hilo, ikitanguliwa na Indonesia peke yake. Tarehe 7 Septemba 2004 kimbunga Ivan kikapita. Karibu nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika, watu 39 walifariki, na hasara ikawa kama mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Mikungumanga mingi ililala chini, mizizi juu. Julai 2005 kikaja kingine, Emily.

Wazanzibari wenzangu wanalijua jambo hili kwa hadithi za wazee. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Upepo wa usiku mmoja ulihamisha uchumi wa visiwa viwili.

Sasa benki ya maendeleo ikija Grenada na mradi wa kufufua kilimo, mradi una miaka mitano. Miche inagawiwa, inahesabiwa, mradi unafungwa, ripoti inaandikwa na alama inatolewa. Siku alama inapotolewa, mche bado haujasema kama ni dume au jike.

Ndiyo maana nataka tujadili: hizi benki zinaposema msaada wao kwa visiwa vidogo umefaulu, zinakuwa zimepima nini?

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Kwanza tuwajue wanaotoa fedha, maana watu huwachanganya.

Benki ya Maendeleo ya Karibi, CDB, ni ya kwao wenyewe. Mkataba wake ulisainiwa Kingston, Jamaika, Oktoba 1969, ikaanza 1970, na makao makuu yako Barbados. Rais wake wa kwanza alikuwa Arthur Lewis, mtoto wa Saint Lucia, ambaye 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wanachama wakopaji ni 19. Ndani kuna Kanada, Uingereza, Ujerumani, Italia na China kama wanahisa wa nje.

Benki ya Dunia hukopesha kwa madirisha mawili. Lile la bei nafuu, IDA, ni la nchi maskini. Dominica (si Jamhuri ya Dominika, hiyo ni nchi nyingine kabisa), Grenada, Saint Lucia na Saint Vincent zina kipato kinachozidi kiwango cha kuingia humo. Zinaingia kwa upendeleo wa visiwa vidogo uliowekwa 1985.

Halafu kuna Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika. Barbados, Jamaika na Bahamas ni wanachama. Zile nchi ndogo za Karibi ya mashariki nilizozitaja siyo, kwa hiyo fedha za benki hiyo zikitaka kuzifikia hupitia CDB. Mkopo unapita mikono miwili kabla haujafika, na kila mkono una fomu zake.

#3 Mleta uzi (inaendelea)

Tuje kwenye hesabu. Nachukua Dominica, watu kama 72,000, wachache kuliko kata kadhaa za Dar zikikusanywa pamoja.

Agosti 2015 dhoruba Erika iliwamwagia mvua, milima ikaporomoka. Hasara dola milioni 483, karibu asilimia 90 ya pato la taifa. Nchi ilikuwa na bima katika mfuko wa pamoja wa eneo hilo, CCRIF, ulioanzishwa 2007 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani wengine. Mfuko ulilipa dola milioni 2.4.

Septemba 18, 2017, kimbunga Maria kikaja kwa nguvu za daraja la 5, la juu kabisa. Hasara na uharibifu dola bilioni 1.3, asilimia 226 ya pato la taifa. Bima ililipa kama milioni 19.

Mtu akitazama namba hizo anaweza kusema mfuko wa bima haufai. Mimi sisemi hivyo, na hapa naomba mnielewe. Bima ile haisubiri mtu aje kukagua bati lililong'oka. Hupima kasi ya upepo na wingi wa mvua, na kipimo kikivuka kiwango, fedha hutoka ndani ya siku 14. Serikali iliyopoteza paa la ofisi zake, umeme na simu, inapata pesa ya kulipa mishahara ya manesi na kununua dizeli. Kwa kazi hiyo milioni 19 ni fedha nyingi. Kosa linaanza pale mtathmini anapoandika kwamba nchi "imekingwa".

Mfano mwingine naupenda. Aprili 9, 2021, volkano ya La Soufrière ilipuka Saint Vincent. Serikali ilikuwa imeshasaini na Benki ya Dunia mkopo wa tahadhari, dola milioni 20, unaokaa tayari ukisubiri balaa litangazwe. Balaa likatangazwa, fedha zikatoka ndani ya siku chache, majivu bado yanaanguka. Ukiniuliza msaada upi wa benki umefaa visiwani kule, nitautaja huu kabla ya barabara yoyote. Mashauriano, masharti, sheria za maafa, yote yalimalizwa watu wakiwa wametulia.

Linganisha na nyumba za Dominica. Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kujenga upya nyumba Aprili 2018, miezi saba baada ya kimbunga. Kuidhinisha tu, bado tofali halijawekwa. Mvua za mwaka huo zilikuta watu chini ya maturubai ya buluu. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga nyumba kwa pesa za kuuza uraia kwa matajiri wa nje. Mtu anaweza kuwa na mashaka yake kuhusu pasipoti za kuuza, nami ninayo, lakini kwa familia iliyolala chini ya turubai aliyewahi ndiye aliyewahi.

#4 Mdau wa Tanga

Mkuu umeandika vizuri, ila nina swali la uchungu kidogo. Hao watu wana kipato kwa kichwa mara nyingi kuliko sisi. Wanauza pasipoti, wana watalii, wana meli kubwa zinatia nanga kila wiki. Kwa nini wapewe mkopo nafuu uleule tunaopewa sisi, tena kwa kichwa wanapata zaidi? Hapa kwetu kuna zahanati hazina maji.

#5 Mleta uzi

Mkuu, swali la haki kabisa na sitalikwepa.

Kwa kichwa wanapata zaidi, kweli. Mzunguko wa IDA ulioanza Julai 2017 uliinua kiwango cha chini cha kila nchi hadi kama dola milioni 20 kwa mwaka kwa thamani ya wakati ule. Ukigawa kwa watu 72,000 wa Dominica ni fedha nyingi kwa kila mmoja. Ukigawa hiyo hiyo kwa Tanzania ni senti.

Lakini bandari ya watu elfu sabini haiwi ndogo mara mia nane kuliko bandari ya watu milioni sitini. Hospitali inahitaji mashine moja ya eksirei hata kama wagonjwa ni wachache. Na kwetu mvua ikiharibu Kilwa, Mwanza inalima na Geita inachimba. Dominica hakuna Mwanza. Maria alipita juu ya nchi nzima kwa usiku mmoja, mapaa zaidi ya tisa katika kumi yakaguswa.

Kipato kwa kichwa kinapima jana. Antigua na Barbuda iliondolewa kwenye orodha ya nchi zinazostahili misaada mwaka 2022 kwa sababu kipato kimepanda. Miaka mitano tu kabla, Septemba 2017, kimbunga Irma kilikuwa kimeifanya Barbuda isikalike, wakazi wote wa kisiwa kile wakahamishiwa Antigua. Kipato kwa kichwa cha nchi hakikuonyesha kisiwa kitupu.

CDB yenyewe ililiona jambo hili mapema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 inaweka udhaifu wa nchi mbele ya majanga ndani ya kanuni ya kugawa fedha zake nafuu. Umoja wa Mataifa ulifika huko Agosti 2024, Baraza Kuu lilipopitisha kipimo cha udhaifu cha pande nyingi. Benki ndogo ya Barbados ilitangulia dunia kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijaona tathmini inayoipa sifa hiyo kwa sauti ya kutosha.

Zahanati zisizo na maji Tanga zinaniuma kama zinavyokuuma. Ila sioni kwamba bomba lao limekatwa Roseau, mji mkuu wa Dominica.

#6 Mdau wa Mombasa

Swali langu ni fupi. Nani anatathmini? Kama benki inajipa alama yenyewe, kuna nini cha kujadili?

#7 Mleta uzi

Ndugu yangu, hapo kuna ngazi mbili.

Mradi ukiisha, waliousimamia ndio wanaandika ripoti ya kukamilika na kupendekeza alama. Kisha kitengo huru cha tathmini, ambacho kwa Benki ya Dunia kinawajibika kwa bodi na si kwa menejimenti, huipitia ripoti na kinaweza kuishusha alama. CDB nayo ina ofisi yake huru. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna jicho la pili. Wala sidharau kazi yao. Mwaka 2016 kitengo cha Benki ya Dunia kilitoa tathmini kubwa ya nchi ndogo, ikiziweka Karibi ya mashariki na visiwa vya Pasifiki pamoja na Shelisheli, Morisi, Jibuti na Cabo Verde. Sisi wa pwani hii tungeisoma kwa faida kuliko ripoti nyingi zinazotuhusu moja kwa moja.

Tatizo langu liko kwenye kipimo. Alama hutolewa kwa kulinganisha matokeo na malengo yaliyoandikwa na mradi wenyewe. Lengo likiwa "kugawa miche", ukigawa miche umefaulu. Na mradi ukikwama katikati, malengo hupunguzwa rasmi, ripoti inahesabu kabla na baada ya kupunguzwa. Kihesabu ni halali. Kwa mkulima aliyeahidiwa nyumba katika orodha ya kwanza na hayumo katika ya pili, hesabu ni nyingine.

Ningependa wapime vitu vingine. Siku ngapi kati ya balaa na fedha kufika. Siku ngapi kati ya kusaini na mkandarasi kuingia. Na kile kilichojengwa, je, kimesimama kimbunga kilichofuata kilipopita? Hicho cha mwisho hakihitaji mshauri mwelekezi. Anahitajika mtu mwenye orodha ya madaraja na shule, apite asubuhi ya pili baada ya upepo.

#8 Mleta uzi (inaendelea)

Niwape kitu nilichokiona kwa macho yangu, maana haya mengine nimeyasoma.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa manunuzi katika ofisi ndogo ya mradi wa maji, kisiwani kwetu. Fedha zilikuwa za benki ya maendeleo, siitaji. Tulikuwa wanne: mratibu, mhasibu, mhandisi na mimi. Mhandisi akagundua kwamba mabomba yaliyoandikwa kwenye mkataba ni membamba mno kwa sehemu moja ya mteremko. Kubadilisha kipimo cha bomba kulihitaji barua ya benki ya kusema haina pingamizi. Tukaandika. Wakauliza maswali. Tukajibu. Aliyekuwa anashughulika nasi akahamishwa, aliyekuja akaanza upya. Wiki ya tano. Wiki ya sita. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa, mita mia mbili hivi, uko wazi, watoto wanaruka juu yake wakienda madrasa. Wiki ya saba masika ikaanza. Nilikwenda asubuhi nikakuta kuta za mtaro zimelala ndani, udongo mwekundu, na bomba zilizopangwa pembeni zimeelea hadi kwenye uzio wa jirani. Barua ya kutokuwa na pingamizi ilifika siku nne baadaye.

Hakuna aliyekuwa mwizi pale, wala mvivu. Sisi wanne tulikuwa na benki moja tu.

Sasa fikiria wizara ya fedha ya kisiwa cha watu elfu sabini. Katibu mkuu mmoja anapokea ujumbe wa Benki ya Dunia wiki hii, wa CDB ijayo, Umoja wa Ulaya baada yake, Shirika la Fedha la Kimataifa mwisho wa mwezi. Kila mmoja na kanuni zake za zabuni, za ukaguzi, za mazingira. Mhandisi wa wizara anayesimamia barabara ndiye yuleyule wa madaraja, ndiye wa kuta za bahari. Akipata kazi nzuri zaidi Toronto, miradi mitatu inasimama siku moja.

Kwa hiyo nikisoma kwenye ripoti "uwezo mdogo wa utekelezaji wa mkopaji", moyo unaniuma. Uzito wa mzigo uliamuliwa na benki, kisha aliyepewa kuubeba anaandikwa kuwa dhaifu.

#9 Mdau wa Tanga

Kwa mzigo huo nakubaliana na wewe. Hata halmashauri zetu ziko hivyo. Dawa yake nini?

#10 Mleta uzi

Dawa moja wanayo wenyewe, na mara chache inafanya vibaya: kufanya pamoja kile ambacho kila mmoja hawezi peke yake.

Mwaka 2000 nchi tano, Dominica, Grenada, Saint Kitts na Nevis, Saint Lucia na Saint Vincent, zilisaini mkataba wa kuwa na mamlaka moja ya mawasiliano, ECTEL, kwa msaada wa mradi wa Benki ya Dunia. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya kampuni moja yenye ukiritimba. Nchi moja ya watu elfu sabini ingejadiliana vipi na kampuni kubwa vile? Tano zilikaa meza moja. Dawa za hospitali wananunua kwa pamoja tangu miaka ya 1980. Sarafu ni moja, benki kuu ni moja, iko Basseterre, mji mkuu wa Saint Kitts na Nevis, na dola yao imefungwa kwa 2.70 kwa dola ya Marekani tangu 1976.

Kwa hiyo benki za maendeleo nazo zifanye wanachowaambia wakopaji: kanuni moja ya zabuni kwa kisiwa kimoja. Mkaguzi mmoja. CDB iongoze, wengine wafuate, maana iko karibu na inajua nani anafanya kazi wapi. Ina mfuko wa mahitaji ya msingi tangu 1979, unaojenga vitu vidogo, madarasa, matangi ya maji, njia za vijijini. Hauleti vichwa vya habari, lakini ndio msaada ambao mwanakijiji anaweza kukuonyesha kwa kidole.

Dawa ya pili ni ya deni. Grenada ilishindwa kulipa baada ya Ivan, ikapanga upya deni lake 2005, ikashindwa tena 2013. Ilipojadiliana 2015, ikaingiza kipengele cha kimbunga: balaa likipiga kwa kiwango fulani, malipo yanasogezwa mbele. Julai 1, 2024 kimbunga Beryl kikapiga Carriacou, kisiwa kidogo cha Grenada, na Agosti Grenada ikakitumia kipengele hicho, serikali ya kwanza duniani kufanya hivyo kwa hatifungani zake. Barbados iliweka vipengele vya namna hiyo ilipopanga upya deni lake baada ya 2018, na Waziri Mkuu Mia Mottley akalipeleka wazo hili kila mkutano aliokwenda. Juni 2023, Paris, Benki ya Dunia ikatangaza kuwa nayo itasitisha malipo kwa nchi ndogo zilizopigwa.

Tazameni mwelekeo wa mafunzo hapo. Kijisehemu cha dunia kilichofilisika mara mbili ndicho kilichomfundisha mkopeshaji.

#11 Dada wa Toronto

Kaka, nakufuatilia toka mwanzo, nimeona niseme nilichokiona huku.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Carriacou, kaja Kanada zamani. Beryl ilipopiga alikaa siku tatu hajui kama dada yake mzima. Simu hazishiki. Alipopata habari alinunua pipa, yale mapipa makubwa ya plastiki ya buluu ambayo watu wa Karibi hutuma kwao, tukalijaza pamoja sebuleni kwake. Sadini, mchele, sabuni, taa za jua, maturubai, mafuta ya kula. Katikati akaweka misumari ya bati kilo nyingi sana, akaizungushia taulo isitoboe. Nikamuuliza kwa nini misumari, si inapatikana kule? Akanambia bati zitakuja, kila mtu anatuma bati, msumari ndio unaosahauliwa.

Pipa lile liko kwenye tathmini ya benki gani?

#12 Mleta uzi

Dada, haliko popote. Umenipa kitu nilichokuwa sinacho.

Wanajumlisha fedha zinazotumwa na jamaa walio nje kwa sababu zinapita benki. Pipa linapita forodhani, likiandikwa vitu vya nyumbani. Na ndiyo yale niliyoyasema kuhusu siku: pipa la jirani yako liliondoka kabla ya ujumbe wa kwanza wa wataalamu kuandika makadirio yake.

Kuna jambo moja limenikaa tangu Beryl. Mkungumanga uliopandwa 2006 baada ya Ivan na Emily ulikuwa na miaka 18 Julai ile. Ndio umri wake wa kuzaa kwelikweli. Beryl ilipiga zaidi Carriacou na Petite Martinique, lakini na kaskazini mwa kisiwa kikuu, St Patrick, iliguswa, na huko kuna mashamba. Miradi yote iliyosaidia kupanda ile miche ilishafungwa na alama zilishatolewa. Ningekuwa na neno kwa mtathmini yeyote ningemwomba apande basi la Gouyave, mji wa kungumanga kule Grenada, aende mpaka kwa mkulima aliyepokea miche, ahesabu ile iliyosimama na inayozaa, na aulize mkulima alikula nini katika ile miaka ya kusubiri.

Dada, jirani yako akipata habari, muulize kama pipa lilifika, na kama misumari ilitosha.

#13 Dada wa Toronto

Nimeshuka kumuuliza sasa hivi. Lilifika baada ya wiki sita. Misumari haikutosha, dada yake aligawana na nyumba tatu za jirani. Ametuma pipa jingine.